Kubadili Kompyuta ya Duka Bila Kupoteza Daftari

Mazungumzo kwa wajumbe wa kamati, makatibu na wauzaji wa maduka ya vyama na vikundi vya vijijini

  

Leo nataka tuzungumze juu ya kompyuta ya duka. Chombo hiki kimeingia vijijini polepole, na sasa kimekaa. Yako maduka ya pembejeo, vyama vya kuweka na kukopa na vikundi vya kusaga nafaka vyenye kompyuta moja. Imewekwa juu ya meza ya katibu, imefunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi. Ndani yake yamo majina ya wanachama, hesabu za stoo na madeni ya watu. Lakini kikundi hakina fundi wake. Fundi yuko mjini. Akiitwa huja na pikipiki, hufanya kazi saa mbili, hulipwa, kisha huondoka.

Je, kikundi cha namna hiyo kifanye nini kompyuta inapozeeka? Kimwachie fundi kila kitu? Au kiogope, kiache mashine ife yenyewe?

Jibu langu ni hili. Mashine ni kazi ya fundi, lakini hesabu ni mali yetu. Mtu yeyote anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu anaweza kuzilinda hesabu za kikundi wakati mashine inabadilishwa. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji kalamu, karatasi na macho yako.

KOMPYUTA NI DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta nayo ni daftari. Tofauti yake ni kwamba daftari la karatasi unaliona lote. Likichanika ukurasa, unajua. Kompyuta huwezi kuona ndani yake. Ukurasa unaweza kupotea leo, nanyi mkajua baada ya miezi sita, siku ya kugawana faida.

Tuchukue mfano. Mama mmoja alikopa mifuko 4 ya mbolea, kila mfuko shilingi 75,000. Deni lake ni shilingi 300,000. Baada ya mavuno alilipa shilingi 180,000. Amebakiza shilingi 120,000. Sasa fundi anahamisha hesabu kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya. Mikopo inahama, lakini malipo hayahami. Kompyuta mpya inasema mama anadaiwa shilingi 300,000.

Itakuwaje? Katibu atasema, "Mashine haidanganyi." Mama atasema, "Mimi nimelipa." Kama mama ana stakabadhi yake, atasalimika. Kama hana, ataitwa mwongo mbele ya mkutano. Watoto wake watasikia. Yeye hakukosa, na katibu hakuiba. Kosa ni kwamba hesabu zilihamishwa bila mtu wa kuzikagua. Ndiyo maana nasema jambo hili si la mafundi peke yao. Ni jambo la heshima za watu na amani ya kijiji.

KWA NINI TUBADILI?

Mzee mmoja anaweza kuuliza, "Kompyuta yetu inawaka. Tuibadili ya nini?" Swali hilo ni zuri. Tulijibu.

Kompyuta ina vitu viwili. Kwanza kuna mashine yenyewe, ile unayoishika. Pili kuna programu, yaani maagizo yanayoiambia mashine namna ya kufanya kazi. Programu kubwa inayosimamia nyingine zote katika kompyuta nyingi inaitwa Windows. Hutengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani.

Programu ni kama nyumba. Kila siku wezi wanatafuta nyufa. Kampuni ikiona ufa, hutuma marekebisho kwa njia ya intaneti ili kuuziba. Lakini programu ikizeeka, kampuni huacha kutuma marekebisho. Windows 7 iliachwa mwezi Januari mwaka 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo bado zinawaka. Bado zinaandika na kujumlisha. Lakini nyumba imeachwa bila mtu wa kuziba nyufa.

Je, hatari hiyo ni ya kweli? Ni ya kweli. Mwezi Machi mwaka 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya ufa mmoja mkubwa. Watu wengi hawakuyaweka. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi kinachoitwa WannaCry kilipita katika ufa ule. Kiliingia katika kompyuta za nchi zaidi ya 150. Kilifunga maandishi ya watu kama kwa kufuli, kikadai fedha ili kufungua. Huko Uingereza hospitali nyingi zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Hospitali hizo zina mafundi. Sisi hatuna. Basi usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hata hivyo, tusibadili kwa pupa. Kama duka lenu linauza vitu vichache kwa siku, na daftari linatosha, kaeni na daftari. Hakuna aibu. Kompyuta inunuliwe kwa sababu ya kazi. Isinunuliwe kwa sababu kikundi cha jirani kinayo.

NJIA TATU

Mkiona kazi ipo na kompyuta imezeeka, ziko njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuifufua mashine mliyo nayo. Mara nyingi kompyuta huwa nzito kwa sababu diski yake ni ya zamani, ile inayozunguka. Fundi anaweza kuweka diski ya kisasa isiyozunguka, inayoitwa SSD, na kuongeza RAM. Mashine itakuwa nyepesi. Kisha mwulizeni fundi: "Je, mashine hii inakubali Windows 11?" Windows 11 inataka RAM isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya kuhifadhi isiyopungua gigabaiti 64, na chombo kidogo cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0. Mashine nyingi za zamani hazina TPM ya namna hiyo.

Njia ya pili ni kuweka programu za bure. Iko programu ya kusimamia kompyuta inayoitwa Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na kijana wa Finland, Linus Torvalds. Iko pia LibreOffice, ya kuandikia barua na kupigia hesabu. Aina nyingi za Linux hazilipiwi, nayo LibreOffice hailipiwi, na zinaweza kufanya kazi katika mashine ambazo Windows 11 inazikataa. Ubaya wake ni kwamba katibu atajifunza upya vitu vichache, na huenda programu yenu ya duka isifanye kazi humo. Ulizeni kabla.

Njia ya tatu ni kununua mashine nyingine. Hapo jihadharini na fundi anayesema, "Nitawawekea programu ya bei chee, ni ile ile." Mara nyingi hiyo ni programu iliyovunjwa kufuli. Aliyevunja kufuli anaweza kuwa ameacha mlango wake wa kuingilia.

Jambo moja zaidi. Kama duka lina mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, fundi wa kompyuta asiifungue. Ina mawakala wake waliokubaliwa na Mamlaka ya Mapato. Waulizeni hao kwanza.

HATUA SABA ZA KUFUATA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe.

Hatua ya 1: Andikeni kazi zenu. Kamati ikae na karatasi. Andikeni kila kazi inayofanywa na kompyuta: kuandika mauzo, kuhesabu stoo, kuandika madeni, kutoa taarifa ya mwezi. Mbele ya kila kazi andikeni jina la mtu anayeifanya. Mkiona jina ni moja tu mstari baada ya mstari, mjue kuna tatizo. Mtu huyo akiugua, duka limeugua. Mchagueni wa pili ajifunze.

Hatua ya 2: Toeni nakala kabla ya fundi kugusa kitu. Kanuni yake ni rahisi: tatu, mbili, moja. Muwe na nakala tatu za hesabu, pamoja na ile iliyo ndani ya kompyuta. Ziwe katika vyombo vya aina mbili, kwa mfano kompyuta na diski ya nje. Na nakala moja ikae mbali na duka, tuseme nyumbani kwa mweka hazina, ndani ya sanduku lenye kufuli. Duka likiungua, nakala moja itabaki. Kisha, na hapa ndipo wengi huteleza, chukueni nakala hiyo mkaifungue katika kompyuta nyingine. Je, majina yanaonekana? Je, hesabu zimekamilika? Nakala ambayo haijafunguliwa ni kama mbegu ambayo haijajaribiwa kuota. Usiitegemee shamba zima.

Hatua ya 3: Chapisheni madeni kwenye karatasi. Kabla ya kubadili, fungeni hesabu. Chapisheni orodha ya wanachama wote, akiba zao na madeni yao. Waiteni wanachama. Kila mmoja asome mstari wake mwenyewe na kuulinganisha na stakabadhi zake. Akikubali, aweke sahihi. Akikataa, jambo hilo limalizwe siku hiyo, kabla halijaingia katika mashine mpya. Mstari wa mwanachama mwingine asiusome. Siri ya mtu iheshimiwe.

Hatua ya 4: Chagueni wakati. Msibadili kompyuta wakati wa kuuza mbolea, wala wakati wa kupokea mazao. Nani atampimia mkulima huku mashine imefunguliwa tumbo? Chagueni majuma ambayo duka lina wateja wachache. Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo anoe jembe.

Hatua ya 5: Linganisheni namba tatu. Siku ya kuhama andikeni ubaoni namba tatu kutoka kompyuta ya zamani. Tuseme wanachama ni 86. Jumla ya madeni ni shilingi 4,350,000. Mifuko iliyo stoo ni 212. Fundi akimaliza, someni namba hizo hizo katika kompyuta mpya. Ikionyesha wanachama 84, wawili wamepotea njiani. Fundi asilipwe mpaka wapatikane. Namba tatu zikilingana, bado chagueni wanachama 10 kwa kufumba macho, mlinganishe madeni yao mmoja mmoja na ile orodha yenye sahihi. Kwa nini? Kwa sababu jumla inaweza kuwa sawa huku deni la mtu mmoja limeandikwa kwa mwingine.

Hatua ya 6: Endesheni yote mawili kwa mwezi mmoja. Muuzaji aandike kila mauzo katika daftari la karatasi na katika kompyuta mpya. Jioni ajumlishe. Daftari likisema shilingi 164,500 na kompyuta ikisema shilingi 146,500, tafuteni tofauti ya shilingi 18,000 jioni hiyo hiyo, wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo. Lakini ni mwezi mmoja tu. Mkipita mwezi mzima bila tofauti, wekeni daftari kabatini. Msilitupe.

Hatua ya 7: Msiiuze kompyuta ya zamani haraka. Ikae miezi mitatu, pengine mkaihitaji. Ikifika siku ya kuiuza au kuigawa, fundi aifute kabisa mbele ya kamati, au atoe diski yake ibaki kwenu. Ndani yake yamo majina, namba za simu na madeni ya watu. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Wajibu huo haumwangukii fundi peke yake. Unawaangukia ninyi mlioandika majina ya watu.

NENO LA SIRI NI UFUNGUO WA STOO

Hebu niulize. Je, mnaweza kumpa fundi seremala ufunguo wa stoo, akaondoka nao mjini, nanyi mkabaki bila ufunguo? Mnacheka. Lakini vikundi vingine hufanya hivyo kwa kompyuta. Fundi huweka neno la siri analolijua yeye peke yake. Au huandikisha programu ya duka kwa namba yake ya simu. Siku mkisahau neno la siri, ujumbe wa kufungulia unakwenda kwenye simu yake. Akikataa, au akihama, au akifa, mmefungiwa nje ya nyumba yenu.

Basi fanyeni hivi. Kikundi kiwe na laini yake ya simu, iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, na barua pepe yake. Kila kitu kiandikishwe kwa hizo. Kila mtumiaji awe na neno lake la siri, asimpe mwenzake. Neno la siri la msimamizi liandikwe katika karatasi. Karatasi ifungwe ndani ya bahasha, mwenyekiti na mweka hazina waweke sahihi juu ya mfuniko, na bahasha iwekwe katika sanduku la fedha. Fundi akimaliza kazi, neno hilo libadilishwe. Fundi mwema hatakasirika. Atajua mnajua mnalolifanya.

MKATABA NA FEDHA

Pataneni na fundi kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha. Uandike kazi atakayofanya, siku atakazotumia, malipo yake, na kwamba atawafundisha watu wawili hadi waweze wenyewe. Uandike pia atakuja baada ya muda gani mashine ikisumbua. Msilipe fedha zote mwanzo. Bakizeni sehemu hadi mwezi wa majaribio uishe.

Tena, msimalize fedha zote kwenye mashine. Tuchukue mfano wa kikundi chenye shilingi 1,500,000. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Mashine, shilingi 950,000. Betri ya akiba, ile inayoitwa UPS, shilingi 200,000, ili umeme ukikatika katibu apate muda wa kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Diski ya nje na flashi, shilingi 170,000. Fundi na mafunzo, shilingi 120,000. Akiba, shilingi 60,000. Jumlisheni wenyewe mwone. Kikundi kingine kitanunua mashine ya shilingi 1,500,000 yote. Itang'aa sana. Lakini umeme ukikatika mara moja vibaya, hesabu zitapotea, na nakala hakuna.

KAZI NI YETU

Ndugu zangu, mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wazima walikaa chini ya miembe na katika madarasa ya watoto wao, wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Moja ya faida zake ilikuwa hii: mkulima aweze kusoma mwenyewe uzito kwenye mizani na fedha kwenye stakabadhi, asidanganywe.

Mizani ya leo iko ndani ya kompyuta. Lakini namba ni zile zile tulizojifunza katika kisomo. Moja bado ni moja. Ukiwa mwanachama wa kawaida, usiseme, "Hayo ni ya vijana waliosoma." Siku ya kukagua orodha, nenda. Soma mstari wako. Toa stakabadhi zako. Kama hazilingani, inua mkono useme. Ukifanya hivyo hujilindi wewe peke yako. Unamlinda na katibu asije akashukiwa bure.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chenu, ni watu wangapi wanaoweza kufungua hesabu za kompyuta? Wakisafiri, duka litafanyaje?

2. Nakala za hesabu zenu ziko wapi leo? Nani alizifungua mara ya mwisho, na lini?

3. Neno la siri la msimamizi analijua nani? Programu zenu zimeandikishwa kwa namba ya simu ya nani?

4. Kompyuta inasema mwanachama anadaiwa shilingi 240,000. Stakabadhi zake zinaonyesha alikopa shilingi 240,000, kisha akalipa shilingi 85,000 na shilingi 60,000. Je, deni lake la kweli ni shilingi ngapi? Kamati ifanye nini?